Umri wa Programu na Kasi Yake

Mtu akiniuliza programu fulani ina kasi gani, siku hizi nami humuuliza: imewashwa tangu lini? Wengine hudhani ninakwepa kujibu. Lakini programu iliyowashwa sekunde mbili zilizopita, programu hiyohiyo ikiwa imeshafanya kazi kwa saa moja, na programu hiyohiyo ikiwa na siku nne bila kuzimwa, zinaweza kuwa na kasi tatu zisizofanana hata kidogo, ingawa hakuna herufi hata moja iliyobadilishwa katika msimbo wake. Ripoti nyingi za upimaji ninazoletewa kuzipitia zina namba moja tu, ambayo ni wastani, na wastani huo umechanganya utoto wa programu, utu uzima wake na wakati mwingine uzee wake, kisha ukaitwa kasi yake.

Lugha ya Java inafaa kuanziwa, kwa sababu mabadiliko haya hutokea ndani yake kwa makusudi na huweza kuonekana waziwazi. HotSpot, mashine pepe (yaani programu inayoendesha programu nyingine) ambayo imekuwa ikiendesha programu nyingi za Java tangu mwaka 1999, haitafsiri programu nzima kwa mkupuo kuwa maagizo ya prosesa. Mwanzoni husoma agizo moja baada ya jingine na kulitekeleza papo hapo, njia ambayo ni ya polepole, huku ikihesabu kila methodi (kipande cha msimbo chenye jina na kazi yake) imeitwa mara ngapi na kila kitanzi (maagizo yanayorudiwa) kimezunguka mara ngapi. Kwa mipangilio ya kawaida, methodi ikishaitwa takriban mara 200 hupelekwa kwa kompaila (mtafsiri wa msimbo) ya kwanza, C1, ambayo hufanya kazi upesi na kutoa msimbo wa kuridhisha uliopachikwa vihesabio vya kuchunguza mwenendo wa programu. Ikizidi mara 5,000 hivi hupelekwa kwa kompaila ya pili, C2, ambayo huchukua muda mrefu zaidi lakini hutumia takwimu zilizokusanywa na vihesabio vile kutoa msimbo wenye kasi kubwa. Kwa jumla kuna viwango vitano, kuanzia 0 hadi 4 (0 ni kusoma agizo kwa agizo, 1 hadi 3 ni C1, na 4 ni C2), na kupanda kiwango si lazima kuwe ni kuongeza kasi: msimbo wa kiwango cha 3, kwa kuwa umebeba vihesabio vyote, huwa wa polepole kwa takriban asilimia 30 kuliko ule wa kiwango cha 2. Programu hukubali kuchelewa kidogo sasa ili ijifunze.

Anayetaka kuyaona haya kwa macho yake aanzishe programu yoyote ya Java kwa kuongeza -XX:+PrintCompilation kwenye amri yake. Kila mstari utakaochapishwa utaonyesha milisekunde zilizopita tangu programu ianze, namba ya kazi ya kutafsiri, kiwango, jina la methodi na ukubwa wake kwa baiti. Alama ya asilimia ikiwapo, maana yake ni kwamba methodi ilibadilishwa ikiwa bado imo katikati ya kitanzi, bila kusubiri iitwe upya. Katika sekunde ya kwanza mistari hutiririka kuliko jicho linavyoweza kuifuata, kisha hupungua, kisha hutulia. Mpimaji wa kawaida hapo ndipo anapoanza kupima, akiamini kwamba mambo yameiva. Akiendelea kuangalia, hata hivyo, huenda akaona baada ya kimya kirefu kundi la mistari ya namna nyingine, inayotangaza kwamba msimbo uliokwisha kutafsiriwa haupaswi kuingiwa tena.

Mistari hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko yote, kwa sababu inaeleza kwa nini programu inaweza kurudi nyuma. C2 hupata kasi yake kwa kubahatisha kwa akili. Tuseme kuna darasa mama (darasa ni kiolezo cha aina fulani ya vitu) liitwalo Malipo, na tangu programu ianze limepakiwa darasa moja tu linalorithi kutoka kwake, MalipoYaSimu. Kompaila huona kwamba kila malipo ni malipo ya simu, basi huchukua mwili wa methodi husika na kuupachika moja kwa moja mahali inapoitwa, bila kuuliza tena ni malipo ya aina gani. Saa tano asubuhi anatokea mteja wa kwanza wa siku anayelipa kwa kadi, na darasa la MalipoYaKadi linapakiwa. Dhana ya kompaila imevunjika. Msimbo uliojengwa juu yake unatupwa, methodi inarudishwa kusomwa agizo kwa agizo, na safari ya kupanda viwango inaanza upya. Kwa wateja wa dakika hiyo mfumo unaonekana kusita, na yeyote atakayetafuta sababu katika mtandao au katika hifadhidata atatafuta sana.

Kusita huko ni kwa muda. Kuna mabadiliko mengine ambayo hayarudi. Mahali panapoitwa methodi, HotSpot kwa kawaida hukumbuka aina mbili za vitu ilivyokutana navyo, na kwa aina mbili bado inaweza kupachika miili ya methodi zote mbili na kuchagua kwa ulinganisho mwepesi. Ikijitokeza aina ya tatu, na hakuna aina moja inayozizidi nyingine kwa mbali, hulazimika kutafuta methodi kwenye jedwali kila inapoitwa, na uboreshaji uliotegemea kupachika unapotea pamoja nayo. Programu iliyokuwa na kasi fulani saa tatu asubuhi itakuwa na kasi ndogo zaidi mchana kutwa, kwa sababu tu ya wateja iliokutana nao na mfuatano waliokuja nao. Ukiizima na kuiwasha, huenda mfuatano ukawa mwingine na matokeo yakawa mengine.

Kwa hiyo picha waliyo nayo waandishi wengi wa programu, kwamba programu ni kama jiko la mkaa ambalo hufuka moshi kidogo, hushika moto, kisha huwaka kwa utulivu hadi chakula kiive, ni picha inayohitaji kuthibitishwa kabla ya kutegemewa. Mwaka 2017 watafiti watano, Edd Barrett, Carl Friedrich Bolz-Tereick, Rebecca Killick, Sarah Mount na Laurence Tratt, walichapisha jaribio ambalo lilikuwa la kuithibitisha. Walichukua programu ndogo zinazojulikana sana katika upimaji, zile za kukokotoa mizunguko ya sayari au kujenga na kubomoa miti ya data, wakaziendesha kwenye mashine pepe kadhaa zikiwamo HotSpot, PyPy ya lugha ya Python, LuaJIT ya Lua na V8 ya JavaScript. Kila programu iliendeshwa mara 30 kuanzia mwanzo, na kila mara ilirudia kazi yake mizunguko 2,000. Kompyuta iliwashwa upya kabla ya kila jaribio, uwezo wa prosesa kujiongezea kasi ulizimwa, na halijoto ilifuatiliwa ili jaribio moja lisirithi joto la lililotangulia. Pamoja na uangalifu wote huo, katika kompyuta tatu walizotumia, jozi za mashine pepe na programu zilizofika kwenye kilele cha kasi na kutulia hapo kila mara hazikuzidi asilimia 43.5. Nyingine zilianza vizuri zikaishia kuwa za polepole, nyingine hazikutulia kabisa, na nyingine zilitulia katika majaribio kadhaa na kukataa katika mengine, ingawa kazi ilikuwa ileile na data ni ileile.

Ninachokithamini zaidi katika kazi hiyo ni njia yao ya kusoma matokeo. Hawakukata mizunguko michache ya mwanzo kwa kukadiria na kuchukua wastani wa iliyobaki, kama ambavyo wengi wetu tumezoea. Waliichukulia mizunguko 2,000 kuwa mfululizo wa wakati, wakatumia mbinu ya takwimu inayotafuta mahali ambapo tabia ya mfululizo inabadilika, yaani mzunguko ambao kabla yake wastani na mtawanyiko vilikuwa hivi na baada yake vikawa vile. Mbinu hiyo huugawa mfululizo katika vipande, na maswali yanayofuata ni ya kweli: kuna vipande vingapi, kile cha mwisho ndicho chenye kasi kuliko vyote au la, na kila programu inapoanzishwa upya vipande hivyo huangukia palepale? Hesabu hizi zinaweza kufanywa kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani, na sioni sababu ya ripoti ya kitaalamu kuzikosa.

Vifaa tulivyozoea vimechangia kutuficha haya. Tangu gprof, kifaa cha kuchunguza muda unaotumiwa na programu, ilipoelezwa mwaka 1982, kazi ya vifaa vya kuchunguza programu imekuwa kutueleza jumla: methodi hii imekula asilimia kadhaa ya muda wote, ile asilimia kadhaa. Mchoro wa miali (flame graph, ambamo upana wa kila methodi huonyesha sehemu ya muda ilioutumia) ambao Brendan Gregg aliubuni mwaka 2011 umeirahisishia kazi hiyo dunia nzima, nami huutumia karibu kila siku, lakini nimeshuhudia watu wazima wenye uzoefu wakiusoma kutoka kushoto kwenda kulia wakidhani kwamba wanaona jinsi muda ulivyopita. Sivyo. Mhimili wake wa mlalo umepangwa kwa alfabeti, na sampuli (picha za papo hapo za kile programu inachofanya) zilizochukuliwa katika dakika ya kwanza zimerundikwa pamoja na za dakika ya hamsini. Mwaka 2018 Netflix ilitoa FlameScope, ambayo kwanza huonyesha sampuli zote katika jedwali la rangi ambamo kila safuwima ni sekunde moja, na visanduku vya safuwima hiyo ni vipande vidogo vya sekunde hiyo. Msomaji huchagua eneo lililokolea au lililopauka, kisha huchorewa mchoro wa miali wa kipande hicho peke yake. Ni mabadiliko madogo ya mpangilio, lakini yanaurudisha wakati mahali pake.

Hata vipimo vya nje vinaweza kuudanganya wakati. Chukua kifaa cha kupimia kinachotuma ombi moja kila baada ya milisekunde 10 na kusubiri jibu kabla ya kutuma linalofuata. Katika jaribio la sekunde 100, tuseme programu inasimama kabisa kwa sekunde 2 huku mkusanya taka, sehemu ya mashine pepe inayoondoa data isiyotumika tena, akisafisha kumbukumbu. Kifaa nacho kinasimama, kwa sababu kinasubiri jibu. Mwishoni kitaripoti maombi 9,800 yaliyojibiwa upesi na ombi moja lililochukua sekunde 2, na mkuu wa kitengo atafurahi kuona kwamba maombi 99.9 katika kila 100 hayakuwa na tatizo. Wateja halisi hawasubiriani hivyo. Katika sekunde mbili zile wangekuja 200, wa kwanza angesubiri sekunde mbili kamili, anayemfuata pungufu kidogo, na wote kwa pamoja wangesubiri kwa wastani wa sekunde moja hivi. Tatizo ambalo kifaa kimeliona kwa ombi moja katika elfu kumi limewakuta wateja wawili katika kila mia. Gil Tene, mhandisi wa mashine pepe za Java, amelipigia kelele jambo hili kwa miaka mingi, na dawa yake inajulikana: pima kuanzia wakati ombi lilipopaswa kutumwa, hata kama halikutumwa wakati huo.

Hadi hapa nimezungumzia sekunde na dakika. Umri wa saa nyingi na wa siku una mambo yake, na hapa nitatoa mfano niliouona kwa karibu. Chama kimoja cha akiba na mikopo kilikuwa na mfumo ambao wahasibu wake waliulalamikia kwamba kila alasiri huwa mzito. Maelezo yaliyokubalika ofisini yalikuwa kwamba alasiri wanachama ni wengi, na tayari fedha zilikuwa zimetengwa kwa ajili ya kununua seva ya ziada. Grafu za muda wa kujibu zililiunga mkono wazo hilo: zilipanda polepole kuanzia asubuhi hadi jioni, kila siku, bila kukosa.

Shida ni kwamba mfumo huo ulikuwa umepangiwa kujizima na kujiwasha kila siku saa nane usiku, desturi iliyoachwa na fundi aliyetangulia. Kwa mpangilio huo, saa ya ukutani na umri wa programu vilikuwa kitu kimoja. Kila ilipofika saa kumi jioni, programu ilikuwa na umri wa saa kumi na nne. Haikuwahi kuwapo siku ambayo alasiri iliikuta programu ikiwa bado mtoto. Hakuna grafu, hata iwe nzuri namna gani, inayoweza kutenganisha visababishi viwili ambavyo siku zote vimesafiri pamoja. Seva zilikuwa mbili zikigawana maombi sawasawa, kwa hiyo tuliomba ruhusa ya kuiwasha upya mojawapo saa sita mchana na kuiacha nyingine ilivyo. Alasiri ile zilipokea mzigo uleule. Iliyowashwa mchana ilijibu kama asubuhi, na mwenzake aliendelea kuchoka kama kawaida yake.

Baada ya hapo kutafuta chanzo hakukuwa kugumu. Kulikuwa na orodha ya watumiaji walioingia kwenye mfumo, na kila dakika programu iliipitia yote ili kuwaondoa waliokwisha muda, ila wale waliofunga kivinjari bila kubonyeza kitufe cha kutoka hawakuwa na muda wa kwisha uliowekwa, basi walipitiwa na kuachwa, wakapitiwa tena na kuachwa tena. Kazi ya kila dakika ilikua kwa kadiri ya umri wa programu. Kumbukumbu nayo ilikuwa ikipanda, lakini kupanda kwa kumbukumbu peke yake hakuthibitishi kitu katika Java, kwa sababu hupanda na kushuka kila mara mkusanya taka anapopita, na programu yenye kache nzuri (akiba ya data inayohitajika mara kwa mara) pia hujaza kumbukumbu kwa nia njema. Kinachofaa kuangaliwa ni kiwango kinachobaki mara tu baada ya usafishaji kamili. Kache iliyowekewa kikomo hupandisha kiwango hicho kisha hukisimamisha. Uvujaji wa kumbukumbu, yaani data isiyohitajika ambayo haiachiliwi, hukipandisha kidogo kidogo bila kukoma. Kwa ile seva, kiwango kile hakikuwahi kushuka hata mara moja tangu saa nane usiku.

Sina ugomvi na kuwasha programu upya kwa ratiba. Kuna mifumo ambayo haina msimamizi mwenye ujuzi, na kwa hiyo ni heri usiku uisafishe. Ugomvi wangu ni na kuifanya desturi isiyoandikwa sababu, kwa maana huficha ugonjwa na pia huharibu vipimo vya ugonjwa huo. Tena huleta hatari ya kwamba siku moja haitafanyika. Mfumo wa makombora ya kujihami wa Patriot ulihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde tangu ulipowashwa, na kuugeuza muda huo kuwa sekunde kwa kuzidisha na moja ya kumi, namba ambayo haiwezi kuandikwa kikamilifu kwa tarakimu 24 za mfumo wa jozi. Kosa lilikuwa dogo mno, ila liliongezeka kwa kadiri ya umri: baada ya saa 8 saa ya mfumo ilikuwa imekosea kwa sekunde 0.0275, na baada ya saa 100 kwa sekunde 0.34 hivi, muda ambao kombora la Scud, lile lililorushwa na Iraq katika Vita vya Ghuba, husafiri zaidi ya nusu kilomita. Tarehe 11 Februari 1991 Waisraeli, ambao nao waliutumia mfumo huo, walikuwa wamekwisha kutoa taarifa kwamba baada ya saa 8 mfululizo usahihi hupungua kwa kiasi cha kuonekana. Tarehe 21 watumiaji walitumiwa ujumbe wa kuwaonya dhidi ya kuuendesha mfumo kwa muda mrefu sana, bila kuelezwa muda mrefu sana ni saa ngapi. Tarehe 25 mtambo wa Patriot wa Dhahran, Saudi Arabia, uliokuwa umewashwa kwa zaidi ya saa 100, ulishindwa kulifuatilia kombora lililoua askari 28 wa Kimarekani. Programu iliyorekebishwa ilifika siku iliyofuata. Kuzima na kuwasha kungetosha, lau mtu angepewa namba.

Mazingira nayo yana sehemu yake, ingawa mara nyingi hulaumiwa kupita kiasi. Kompyuta mpakato katika chumba kisicho na kiyoyozi hapa Dar es Salaam mwezi wa Februari hupunguza kasi ya prosesa ikishapata joto, na jaribio la pili litaonekana baya kuliko la kwanza bila kosa la programu. Mwaka 2009 Todd Mytkowicz na wenzake walionyesha kwamba hata ukubwa wa vigezo vya mazingira vinavyorithiwa na programu, mathalani urefu wa jina la mtumiaji, unaweza kusogeza data katika kumbukumbu na kubadilisha matokeo kiasi cha kuufanya uboreshaji uonekane kuwa ni uharibifu. Ndiyo maana ninapolinganisha matoleo mawili ya programu siyapimi moja likaisha ndipo lingine. Huyapokezanisha, la kwanza, la pili, la kwanza tena, kila mara kwa mchakato mpya, ili mabadiliko ya joto na ya mazingira yayaangukie yote mawili.

Watengenezaji wa Java wenyewe sasa wanajaribu kuufupisha utoto wa programu. JDK 24 (toleo la 24 la vifaa vya Java), iliyotoka Machi 2025, iliruhusu madarasa yahifadhiwe yakiwa yamekwisha kupakiwa na kuunganishwa, ili programu inapowashwa isirudie kazi hiyo. JDK 25, iliyofuata Septemba mwaka huohuo, iliongeza takwimu za mwenendo wa methodi: programu huendeshwa kwanza kwa mazoezi, vihesabio vyake huhifadhiwa kwenye faili, na inapoanza kazi rasmi kompaila huzikuta takwimu zikiisubiri. Kwa seva zinazoongezwa na kuondolewa kadiri mzigo unavyobadilika, ambapo kila seva mpya huingizwa kazini wakati wa msongamano ikiwa bado haijajifunza chochote, hii ni nafuu kubwa. Lakini takwimu hizo zimetokana na mazoezi fulani, yenye malipo ya simu mengi au machache, yenye kadi au yasiyo na kadi. Nikipewa ripoti ya kasi ya programu iliyowashwa kwa namna hiyo, swali langu la imewashwa tangu lini litahitaji jingine la kulitangulia: kabla ya kuwashwa, ilifanyishwa mazoezi kwa mzigo gani?